Somo kwa Waimbaji: Vibrato, Wimbi la Sauti, na Namna ya Kulijifunza

Masomo ya kufungua kwanza: 1 Mambo ya Nyakati 15:22 na 25:6-8, 2 Mambo ya Nyakati 5:12-14, 1 Wakorintho 14:15.

 

Somo letu la safari hii ni la waimbaji. Lakini tunaomba hata wale wasioimba walisome, kwa sababu linagusa kusanyiko zima. Vijana wengi wanauliza: "Namna gani sauti ya mwimbaji fulani inapepea vizuri mwishoni mwa wimbo, na yangu imenyooka kama fimbo?" Wengine hawaulizi. Wanaanza tu kuiga wanayoyasikia katika radio na katika simu. Wanatikisa taya, wanabana koo, wanasukuma pumzi kwa nguvu, na baada ya miezi michache sauti imekwaruza, hata sala ya asubuhi wanaisema kwa shida.

Kuna neno jingine lililo zito kupita hilo. Wako wanaosema kwamba sauti inayotetemeka ni alama ya Roho, na sauti iliyonyooka ni ya mtu mkavu. Kwa neno hilo wapendwa wamehukumiwa, wengine wamejifanya kutetemeka ili wakubaliwe, na wengine wameacha kuimba kabisa. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili polepole, tangu mwanzo hadi mwisho.

1. VIBRATO NI NINI

Mwimbaji akishika noti moja kwa muda mrefu, sauti yake inaweza kukaa mahali pamoja bila kusogea. Hiyo tunaiita sauti iliyonyooka. Au inaweza kupanda kidogo na kushuka kidogo, kupanda na kushuka, kwa mwendo ulio sawa. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoitwa vibrato. Sisi katika somo hili tutakuita pia wimbi la sauti, kwa sababu sisi ni watu wa ziwa na mawimbi tunayajua.

Wimbi zuri lina vipimo vyake. Kwanza ni mwendo. Katika waimbaji waliofundishwa, sauti hupanda na kushuka mara 5 hadi 7 hivi katika sekunde moja. Likiwa la polepole kuliko hapo, msikilizaji husikia sauti inayoyumba kama mtumbwi usio na mpiga kasia. Likiwa la haraka mno, husikia sauti ya mbuzi. Pili ni upana. Mnajua umbali mdogo ulio kati ya mi na fa. Wimbi zuri, kutoka chini yake hadi juu yake, huzunguka katika umbali kama huo. Likipanuka sana, msikilizaji hajui tena mwimbaji anaimba noti gani. Likiwa na kipimo chake, sikio halisikii noti mbili. Linasikia noti moja tu, ile ya katikati, na linaiona kuwa na joto na uhai.

Mambo haya yamepimwa na watu wa elimu. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Iowa, mwalimu Carl Seashore na wenzake walizipima sauti za waimbaji wengi kwa vyombo, na mwaka 1932 walitoa kitabu kizima juu ya vibrato. Tangu wakati huo wengine wameendelea na kazi hiyo. Kwa hiyo hatusemi mambo ya kubahatisha.

2. WIMBI HUTOKA WAPI

Weka kidole chako mbele ya shingo, kisha useme "aaa". Hapo utasikia mtikisiko. Ndani ya koromeo kuna nyuzi mbili ndogo za nyama. Pumzi ikipita kati yake, nyuzi hizo hugongana na kuachana mara nyingi sana. Mwanamke akiimba ile la ambayo vyombo vingi hufuata, nyuzi zake hugongana mara 440 katika sekunde moja. Mtikisiko huo ndio sauti yenyewe, na bado si vibrato. Vibrato ni sauti hiyo inapopanda na kushuka kidogo.

Nyuzi hizo zina misuli inayozitawala. Kuna msuli unaozivuta zirefuke, na hapo sauti hupanda. Kuna mwingine unaozifupisha, na hapo sauti hushuka. Mwimbaji akiwa amebana koo, misuli hiyo hukaza kama watu wawili wanaovutana kamba bila hata mmoja kusogea, na sauti inabaki ngumu. Koo likiwa limelegea, na pumzi ikija kwa utaratibu, misuli hiyo hupokezana, huu kidogo na ule kidogo. Hapo wimbi huanza lenyewe. Mwili wetu una tabia hiyo katika mambo mengi. Nyosha mkono mbele ukiwa umeshika kitu kidogo, utauona unatikisika kidogo bila wewe kuutikisa.

Kwa hiyo shikeni neno hili, maana ndilo msingi wa somo lote: vibrato hailetwi kwa nguvu. Inakuja wakati pumzi imepangwa na koo limelegea. Wavuvi wetu wanaelewa. Usiku usio na mbalamwezi wanaingia ziwani na taa zao. Hawawafukuzi ndagala kwa kelele. Wanawasha taa, wanatulia, na ndagala wenyewe wanakusanyika penye mwanga. Kazi ya mvuvi ni kutayarisha taa na wavu, na kuwa na uvumilivu. Kazi ya mwimbaji anayeanza ni kutayarisha pumzi na koo, na kuwa na uvumilivu.

Basi mtoto wa miaka 9 ambaye sauti yake imenyooka, msimsumbue. Sauti za watoto kwa kawaida hukaa hivyo. Mwaka 1958 kwaya ya watoto na walimu wao kutoka Kamina, katika Katanga, ilikwenda kuimba Ulaya. Ndiyo iliyoimba Missa Luba, misa iliyoimbwa kwa namna ya kwetu Kongo, na santuri yake ilisikilizwa katika nchi nyingi. Uzuri wa sauti za watoto wale ulikuwa katika usafi wake. Hawakuhitaji kuiga mawimbi ya watu wazima.

Na kijana wa kiume ambaye sauti yake inavunjika, kati ya miaka 12 na 15 au 16 hivi, naye msimlazimishe. Koromeo lake linakua na nyuzi zake zinarefuka. Aimbe kwa upole, katika noti zisizomsumbua, hadi sauti ipate makao yake.

3. WIMBI LA SAUTI NA KUTETEMEKA KATIKA ROHO

Hapa tunaomba kila msomaji asimame kidogo.

Katika makanisa yetu ya kinabii tunajua kwamba nguvu ya Mungu inaweza kumshukia mtu hata mwili wake ukatetemeka. Hatukani jambo hilo. Tunajua pia kwamba nyimbo nyingi za makanisa haya zilipokelewa. Tangu siku za Simon Kimbangu kule Nkamba, mwaka 1921, waamini wa Kongo wamepokea nyimbo katika sala na katika ndoto, na wamezifundishana hata watu wasiojua kusoma wakaziimba. Ni urithi mkubwa.

Lakini tofautisheni. Wimbo hupokelewa, sauti hufundishwa. Aliyepokea wimbo usiku anaamka asubuhi na koo lile lile alilolala nalo. Na wimbo ukifika kwenye kwaya, lazima mtu aufundishe, noti kwa noti, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi.

Maandiko yanatuonyesha jambo hilo wazi. Kenania alipewa kuongoza kuimba kwa sababu alikuwa na ujuzi. Katika siku za Daudi, waimbaji waliofundishwa nyimbo za Bwana walihesabiwa wakawa 288, na walipiga kura kwa zamu, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Hao walikuwa watumishi wa hekalu, na bado walifundishwa. Mtume Paulo naye anawaambia Wakorintho kwamba ataimba kwa roho na ataimba kwa akili pia. Viwili pamoja.

Basi tunasema hivi bila kuficha. Vibrato ni kazi ya misuli na pumzi. Mpagani anaweza kuwa nayo, mlevi anaweza kuwa nayo, mtakatifu anaweza kuikosa. Mama mzee anayeimba kwa sauti iliyonyooka na machozi yakamtoka, tusiseme hana Roho. Na kijana anayepepesa sauti vizuri hata kusanyiko likapiga vigelegele, tusiseme kwa hiyo ana Roho. Roho tunamtambua kwa matunda, kama Wagalatia sura ya 5 inavyotufundisha. Upendo, uvumilivu, upole na kiasi havionekani kooni. Vinaonekana nyumbani, sokoni, na siku ya kugawana sadaka.

Kuna pia kutetemeka kunakotoka katika udhaifu wa mwili. Mtu aliyefunga siku tatu, kisha akasimama kuimba, sauti yake inaweza kutetemeka kwa sababu misuli imechoka. Mwenye hofu, sauti yake hutetemeka. Mwenye msiba vivyo hivyo. Sisi wa Fizi tumeimba kwenye makaburi mengi, hasa tangu vita vya 1996 na 1998, na tunaijua sauti ya huzuni. Kutetemeka kwa namna hiyo si dhambi na si unabii. Ni mwili unaosema umeelemewa. Mtu huyo asifiwe kwa kusimama, kisha apewe kiti, maji na chakula.

Na yule anayejifanya kutetemeka ili aonekane, ajue kwamba anajiweka mahali pa hatari. Ibada si mahali pa kuigiza. Kama unataka vibrato, jifunze vibrato siku ya mazoezi kama unavyojifunza noti, na uiite kwa jina lake. Hakuna haya katika kujifunza. Haya ni katika kudanganya.

4. MAWIMBI YA UONGO

Kuna namna tatu za kutengeneza wimbi la uongo, nazo ndizo zinazoharibu vijana wetu.

Ya kwanza ni wimbi la taya. Kidevu kinachezacheza juu na chini kama mtu anayetafuna. Jaribio lake ni rahisi: weka vidole viwili kwenye kidevu unapoimba, au simama mbele ya kioo. Kidevu kikitikisika, wimbi ni la taya.

Ya pili ni wimbi la koo lililobanwa. Sauti inakuwa ya haraka na ndogo, kama mbuzi anayelia. Mishipa ya shingo inasimama. Baada ya nyimbo mbili mwimbaji anasikia mwasho na anatafuta maji. Hilo ni koo linaloomba msaada.

Ya tatu ni wimbi la kusukuma tumbo. Mwimbaji anapiga tumbo lake kwa ndani, hu-hu-hu-hu, hata sauti inakuwa kama mtu anayepanda basikeli katika barabara ya mawe. Kupiga pumzi kwa tumbo kunaweza kusaidia katika zoezi, na walimu wengine hulitumia, lakini mtu akiimba wimbo mzima namna hiyo, sauti huwa nzito na mwimbaji huchoka upesi.

Alama ya wimbi la kweli ni kwamba haliumizi, halichoshi, halionekani usoni, na mwimbaji anaweza kuliacha anapotaka. Usiyeweza kuliacha, wimbi hilo linakutawala.

5. MAZOEZI YA ANAYEANZA

Fanya mazoezi haya kila siku kwa dakika 15 au 20. Usipite hapo mwanzoni. Ni afadhali dakika 15 kila siku kuliko saa tatu Jumamosi moja tu. Usitarajie wimbi kuja katika juma moja. Wengine hulipata baada ya miezi michache, wengine baada ya mwaka na zaidi.

Zoezi la kwanza: kusimama. Mmewaona wamama wanaotoka ziwani na maji kichwani. Mgongo umenyooka, kichwa kiko juu ya mabega, macho yanatazama mbele, miguu inakanyaga sawa. Simama hivyo, lakini bila mzigo, ili shingo na mabega vilegee. Magoti yasikakamae. Aliyeinama juu ya kitabu cha nyimbo amekunja bomba lake la pumzi. Inua kitabu.

Zoezi la pili: pumzi. Vuta pumzi kimya, bila kuinua mabega. Weka mikono kwenye mbavu za chini, uzisikie zinafunguka upande kwa upande, na tumbo linatoka kidogo. Huo ni msuli mpana ulio chini ya mapafu, diaframu, unaoshuka. Sasa toa pumzi kwa "sss", nyembamba na sawasawa, huku mbavu zikibaki zimefunguka kadiri unavyoweza. Tumia saa yenye mshale wa sekunde. Anza na sekunde 15, kisha 20, halafu 25. Ukiona "sss" inakatika au inapungua mwishoni, rudi nyuma. Wimbi haliwezi kuwa sawa juu ya pumzi isiyo sawa.

Zoezi la tatu: midomo ya boti. Watoto wetu wakicheza ufukweni huiga injini ya boti kwa midomo, "prrr". Fanya hivyo juu ya noti moja, kisha panda do, re, mi, fa, sol, na ushuke. Ukibana koo au ukikosa pumzi, midomo itasimama. Kwa hiyo zoezi hili ni mwalimu asiyedanganywa.

Zoezi la nne: kuvuma. Funga midomo bila kuuma meno, imba "mmm" katika noti ya katikati ya sauti yako. Usikie mtikisiko puani na midomoni. Kisha fungua taratibu: "mmm-ooo". Taya ishuke yenyewe kwa uzito wake. Ulimi ulale, ncha yake ikigusa meno ya chini.

Zoezi la tano: kukua na kupungua. Shika "ooo" katika noti moja nyepesi. Anza polepole, kuza sauti kwa kuhesabu hadi nne, kisha ipunguze kwa kuhesabu hadi nne. Noti isipande wala kushuka. Waimbaji wengi husikia wimbi lao la kwanza hapa, wakati sauti inapopungua na koo linapolegea. Likija, usilirukie kulishika. Liache lipite, kisha rudia.

Zoezi la sita: mi na fa. Hili ni la kuamsha misuli ile miwili ipokezane. Tumia tena saa, au mtu apige mkono mara moja kwa kila sekunde. Katika pigo moja imba mi-fa mara moja, kwa kuunganisha, bila kukata pumzi. Ukiweza hivyo kwa urahisi, imba mi-fa-mi-fa katika pigo moja. Kisha mara tatu, kisha mara nne. Kupita hapo akili haiwezi tena kuhesabu kila noti, na ndipo unapoacha kuhesabu, unashika mi peke yake, na kuiacha sauti iende. Mara nyingine itaendelea kupepea kidogo yenyewe. Mara nyingine itanyooka. Yote ni sawa. Pumzika, rudia mara nne au tano, na usizidishe.

Zoezi la saba: kunyoosha na kuachia. Wimbi likishaanza kukuzoea, shika noti moja kwa sekunde 8. Sekunde 4 za kwanza ziimbe zikiwa zimenyooka, lakini bila kubana. Sekunde 4 za mwisho ziachie wimbi. Siku nyingine geuza: anza na wimbi, maliza kwa kunyooka. Mwimbaji anayeweza vyote viwili ndiye aliyejifunza.

Fanya kazi wawili wawili. Mmoja aimbe, mwingine amtazame shingo, mabega na kidevu, na amwambie kwa upendo anachokiona. Mwenye simu inayorekodi airekodi sauti leo, kisha tena baada ya miezi mitatu, alinganishe. Sikio la mwimbaji mwenyewe humpendelea au humwonea.

6. WIMBI NDANI YA KWAYA

Anayeimba peke yake ni mtumbwi mmoja ziwani. Kwaya ni mitumbwi mingi iliyofungwa pamoja. Kila mmoja akifuata wimbi lake, itagongana.

Kama waimbaji 20 wanashika sauti moja, na huyu anapepea mara 5, yule mara 7, mwingine kwa upana mkubwa, sauti ya kwaya inakuwa kama maji ya mto Mutambala baada ya mvua. Maneno hayasikiki. Sauti ya pili na ya tatu haziachani vizuri. Kwa hiyo kwaya nyingi, hapa kwetu na duniani, huwaomba waimbaji wapunguze wimbi wanapoimba pamoja, na kuliacha kwa yule anayeongoza wimbo. Mwalimu wa kwaya akikuambia "nyoosha", hakudharau. Anatafuta jambo lile la siku Sulemani alipoweka hekalu wakfu. Walikuwapo wapiga tarumbeta 120 na waimbaji pamoja nao, na walisikika kama sauti moja, ndipo utukufu ukaijaza nyumba. Hatusomi kwamba mmoja wao alisikika kuliko wenzake.

Na kunyoosha kusiwe kubana. Mwimbaji anyooshe kwa kupunguza nguvu na kuimba laini, wala asikaze shingo.

Jambo jingine linahusu lugha zetu. Katika Kiswahili, sauti ikipanda au kushuka neno halibadiliki. Lakini katika lugha nyingi za mababu zetu, Kibembe kikiwa mojawapo, kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana ya neno. Wimbi kubwa juu ya silabi fupi linaweza kulificha neno, na wazee watauliza, "Wameimba nini?" Kwa hiyo silabi fupi ziimbwe zimenyooka na wazi. Wimbi liwekwe kwenye noti ndefu, hasa mwisho wa mstari, ambapo neno limeshasikika. Ujumbe utangulie, pambo lifuate.

Na walimu wa kwaya, tunawasihi. Msimtoe mtu kwaya kwa sababu sauti yake imenyooka, wala msimpe mtu nafasi ya kuongoza kwa sababu tu sauti yake inapepea. Vita vilitawanya kwaya zetu. Walimu wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengi walifika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Wako waliofia huko, wako waliorudi, na wako ambao bado wanaimba mbali na nyumbani. Vijana wengi wamekua bila mtu wa kuwaonyesha namna ya kuvuta pumzi. Basi anayejua amfundishe asiyejua. Tukimfukuza, tutamwachia simu imfundishe.

7. KUTUNZA KOO

Wimbi haliwezi kukaa katika koo lililochoka. Tunataja mambo machache.

Usishindane na ngoma au na injini ya umeme. Wapiga ngoma wapunguze, waimbaji wasipige kelele. Katika mkesha, wapokezaneni. Kundi moja likiimba saa nzima, lipumzike, jingine liingie.

Kunywa maji mara nyingi, kidogo kidogo. Na huku kwetu Baraka na Fizi, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa. Mwimbaji asinywe ya ziwa moja kwa moja kwa sababu ya kiu ya mazoezi.

Epuka moshi. Anayepika jikoni penye moshi mwingi afungue mlango au apike nje. Tumbaku na pombe kali hukausha na kuunguza nyuzi za sauti.

Sauti ikikwaruza, nyamaza siku mbili au tatu. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzika, maana nako huchosha koo. Na kama sauti imekwaruza kupita majuma matatu, au unatema damu, au unameza kwa maumivu, usingoje. Tuombeane, na nenda kwa daktari akutazame koo. Sala na daktari havigombani.

Wazee wetu, ambao zamani walikuwa na wimbi zuri na sasa linayumba polepole, wasivunjike moyo. Miaka hupunguza nguvu ya misuli kooni kama inavyoipunguza miguuni. Mazoezi mepesi ya pumzi na ya kuvuma husaidia. Na nyimbo zilizo ndani yao ni hazina. Vijana waende wakazipokee kabla hazijaondoka nao.

MWISHO WA SOMO

Ndugu mwimbaji unayeanza, usione wivu kwa sauti ya mwenzako. Usijidharau kwa sababu yako imenyooka. Simama vizuri, panga pumzi, legeza koo, jifunze noti, tamka maneno, na ngoja. Wimbi likija, shukuru na ulitumie kwa kiasi. Lisipokuja, imba. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane wakiwa wamefungwa miguu, baada ya kupigwa. Hatujui sauti zao zilikuwaje. Tunajua kwamba wafungwa wengine waliwasikiliza.

Maswali ya kujadiliana katika kwaya

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya mtikisiko wa nyuzi za sauti na vibrato?
2. Kwa nini vibrato haiwezi kuletwa kwa nguvu? Eleza kwa maneno yako.
3. Taja mawimbi matatu ya uongo na namna ya kuyatambua.
4. Je, katika kwaya yetu yuko mtu tuliyemhukumu kwa sababu ya sauti yake? Tutafanya nini ili arudi?
5. Soma 1 Mambo ya Nyakati 25:6-8. Katika kwaya yetu, nani anamfundisha nani?
6. Chagueni wimbo mmoja wa Kibembe na mmoja wa Kiswahili. Ni noti zipi zinafaa wimbi, na zipi zinafaa kunyooshwa?

Bwana azilinde sauti zenu na mioyo yenu. Amina.